Shajara ya mradi: kuhariri faili za kamera kama zilivyotoka kwenye kadi

Jumatatu: kadi zimefika

Picha zote za filamu ya fundi magitaa zimeingia mezani. Upigaji umekwisha, mwongozaji anataka rasimu ya kwanza mapema iwezekanavyo, na mimi nina kompyuta moja, diski mbili za nje na rundo la kadi kutoka kamera ambazo hakuna aliyefikiria kwamba siku moja zitakaa kwenye taimulaini moja, ule mstari wa muda ambapo mhariri hupanga klipu zake.

Kamera kuu inarekodi XAVC S ya 4K, fremu 25 kwa sekunde: kodeki yake, yaani njia ya kubana na kufungua video, ni H.264 ya biti 8, megabiti 100 kwa sekunde. Ya pili, iliyotumika kwa mahojiano, inarekodi H.265, mrithi wa H.264, ya biti 10, 4:2:2 (inahifadhi taarifa nyingi za rangi kuliko 4:2:0 ya kawaida). Ipo kamkoda ya zamani ya AVCHD iliyosimamishwa kwenye kona ya karakana ikarekodi kutwa bila kuguswa. Ipo GoPro iliyobanwa juu ya meza ya kazi. Ipo simu. Na juu ya hayo yote, mwongozaji ameleta diski yenye picha za mwaka 2009 alizopewa na familia ya fundi, zilizorekodiwa kwa kamera ya P2, yaani ya kadi za Panasonic.

Kabla sijafungua programu nimekata shauri: sitageuza kila kitu kuwa kodeki moja kwa mkupuo. Wahariri wengi huanza hivyo, na kuna siku ndiyo njia ya busara. Lakini safari hii nataka kila faili ijieleze kwanza. Ina nini ndani? Nani ataisimbua, yaani kuifungua ionekane: prosesa au kadi ya michoro? Inakwama wapi? Isiyosumbua itabaki kama ilivyotoka kwenye kamera, na inayosumbua itatafutiwa dawa yake peke yake.

Jumatatu usiku: kunakili

Kanuni ya kunakili ni moja tu na haina mjadala: kadi inanakiliwa nzima, kuanzia folda ya juu kabisa hadi vile vifaili vidogo vinavyoonekana kama takataka. Kwenye kadi ya XAVC S video zimo ndani ya PRIVATE/M4ROOT/CLIP, na kila klipu ina pacha wake wa XML, faili ya maandishi yenye maelezo ya klipu. C0001.MP4 anafuatana na C0001M01.XML. Huyo XML ni mdogo sana, lakini amebeba taimukodi (saa ya kila fremu), modeli ya kamera, kasi ya fremu na gama (mkunjo wa mwangaza) iliyotumika. Ukimwacha nyuma, picha bado itaonekana, ila zipo programu zitakazoanza kuhesabu klipu kutoka sifuri kana kwamba haikuwahi kuwa na taimukodi.

Kila kadi nimeipa folda yake yenye jina la kamera na namba ya kadi. Majina ya faili zenyewe sijayagusa. Ni kweli kwamba kila kadi ina C0001.MP4 yake, na siku ya kuunganisha upya faili zilizopotea programu inaweza kukuletea C0001 ya kadi nyingine bila hata kukohoa. Lakini kubadilisha jina la MP4 kunaivunja kutoka kwa XML wake. Afadhali folda ifanye kazi ya kutofautisha. Nimemwandikia mpiga picha kwamba kamera ile ina mipangilio ya kuanzisha jina la faili kwa herufi unazozitaka, aitumie mradi ujao.

Nakala zimekwenda kwenye diski mbili kwa wakati mmoja, na programu ya kunakili imelinganisha kila faili kwa xxHash, hesabu inayoonyesha kama nakala inafanana na asili. Kadi hazifutwi mpaka nitakapomaliza kutazama kila klipu.

Jumanne: sauti inayokatika

Siku nzima imeliwa na AVCHD.

Kamkoda ile ilirekodi mfululizo, na kadi yake imepangwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuvuka GB 4. Kwa hiyo kamkoda inakatakata rekodi ndefu yenyewe. Hii ya kwetu inakata kila inapofika GB 2, yaani takriban kila dakika 12 kwa megabiti 24 kwa sekunde. Kwenye folda unaona 00003.MTS, 00004.MTS, 00005.MTS na kuendelea, na kwa jicho ni faili zinazojitegemea. Kwa kamera ni klipu moja. Kinachojua kwamba ni klipu moja ni folda za CLIPINF na PLAYLIST zilizo kando ya STREAM, ndani ya BDMV.

Msaidizi wa seti, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameninakilia STREAM peke yake. "Zile nyingine hazikuwa na video," akaniambia.

Nilipoziburuta faili hizo kwenye taimulaini zilipangika vizuri, moja nyuma ya nyingine. Nikacheza sehemu ambapo fundi anapiga randa ubao wa mbele wa gitaa. Ni sauti nzuri mno, ndefu, kama pumzi. Pale 00003 inapokutana na 00004, pumzi ile inakatwa: kimya kifupi sana, halafu inaendelea. Ukivuta taimulaini karibu unaona mawimbi ya sauti yakiishia kabla ya picha, na pengo la fremu kadhaa.

Sababu yake ni hesabu tu. Sauti ya kamkoda hii ni AC-3, nayo hupakiwa kwa vifungu vya sampuli 1536. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kila kifungu ni milisekunde 32. Fremu ya video kwa kasi ya 25 ni milisekunde 40. Mipaka hiyo miwili haikutani kila mara, na kamkoda inapokata faili inakata mkondo ulipofika, bila kujali kifungu gani cha sauti kimebaki nusu upande huu na nusu upande ule. Programu inayosoma faili mojamoja inakuta kifungu pungufu mwishoni na kingine mwanzoni, na inavitupa vyote.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza ni kuwa na muundo wote wa kadi na kuingiza klipu kupitia kivinjari cha midia cha programu, siyo kuburuta faili kutoka kwenye folda. Kivinjari kinasoma orodha, kinaona klipu moja, na maungio hayaonekani. Ya pili, kwa aliyebaki na STREAM tu, ni kuunganisha faili baiti kwa baiti: `copy /b` kwenye Windows, `cat` kwenye mifumo mingine. Inawezekana kwa sababu MTS ni mkondo wa pakiti za baiti 192, uliotengenezwa uweze kusomwa kuanzia popote, na kamera hukata kwenye mpaka wa pakiti. Usijaribu mchezo huo kwa MP4, yenye jedwali lake moja la kueleza kila kitu kilipo. Ukibandika MP4 mbili hivyo, ya pili haitaonekana kamwe.

Kwa bahati kadi ilikuwa haijafutwa. Nimeinakili upya, nzima. Randa sasa inapita bila kukwaruza.

Jumatano: ndani ya kasha

Leo nimepitisha kila aina ya faili kwenye MediaInfo, programu inayoonyesha kilichomo ndani ya faili, na kuandika majibu. Kiambishi cha jina la faili hakisemi kitu. MP4, MOV na MXF ni makasha. Kilichomo ndani ndicho kinachoamua kama utalala mapema. Kamera kuu, GoPro na kamera ya mahojiano zote zinatoa MP4, na hazifanani hata kidogo.

Mambo ninayoyatazama ni kodeki, mpangilio wa rangi, idadi ya biti, kasi ya fremu na kama ni ya kudumu au inayobadilika, picha kamili au ya mistari iliyopishanishwa, mawanda ya viwango kutoka nyeusi hadi nyeupe, idadi ya chaneli za sauti. Kamera ya mahojiano ina chaneli nne: maiki ya kifuani, maiki ya mti, na mbili za kamera yenyewe. Nimeliweka hilo akilini.

Alhamisi: mtihani wa taimulaini

Nilitengeneza taimulaini ya 4K, fremu 25, nikapanga klipu moja ya kila aina na kuanza kuzisumbua kama ninavyozisumbua siku ya kazi: kucheza mbele, kurudi nyuma kwa fremu mojamoja, kuburuta kielekezi huku na huko, kuweka klipu mbili juu ya nyingine.

H.264 ya kamera kuu ilipita vizuri. Faili za 2009 zilipita kama maji. GoPro ilipita, na hii ndiyo ilinifanya nisimame, kwa sababu GoPro inarekodi H.265, kodeki ileile ya kamera ya mahojiano. Na mahojiano yanagandaganda. Ukibonyeza kucheza, midomo ya fundi inasogea, inasimama, inaruka. Prosesa imefika mwisho wa uwezo wake, kadi ya michoro imekaa bure.

Tofauti yao ni 4:2:2. Ndani ya kadi za michoro na prosesa kuna saketi maalumu za kusimbua video, na zilijengwa kwanza kwa ajili ya kile ambacho watu wengi hutazama: filamu na video za mtandaoni, ambazo husambazwa kwa 4:2:0. Kwa miaka mingi 4:2:2 ilibaki kitu cha wapiga picha, na saketi nyingi haziijui kabisa. Prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, zile zenye kitengo cha michoro, zinaweza kusimbua H.265 ya biti 10 ya 4:2:2. Chipu za Apple zinaweza tangu M1 ya mwaka 2020. NVIDIA iliongeza 4:2:2 kwenye kadi za RTX 50 za mwaka 2025. Kompyuta yangu haina kimojawapo cha hivyo. Kwa hiyo faili ya GoPro inapelekwa kwenye saketi na kutoka imeiva, na faili ya mahojiano inabebwa na prosesa peke yake, kazi ya mikono.

Na kazi yenyewe ni nzito kwa sababu ya jinsi video hizi zinavyobanwa. Kamera haihifadhi kila fremu kamili. Inahifadhi fremu moja kamili, kisha fremu nyingi zinazofuata zinaeleza tu kilichobadilika, nyingine kwa kurejelea fremu zilizopita na nyingine kwa kurejelea hata zinazokuja. Kucheza mbele kunavumilika. Ukirudi fremu moja nyuma, kompyuta inabidi iende mpaka fremu kamili iliyotangulia, isimbue zote kuanzia hapo hadi uliposimama, na ina milisekunde 40 tu za kufanya hivyo ukitaka mwendo wa kawaida. Kuhariri ni kurudi nyuma muda wote. Ndiyo maana faili inayocheza vizuri kabisa kwenye kichezeshi cha video inaweza kukufia mkononi ndani ya programu ya kuhariri.

Faili za 2009 zimenifurahisha. Ni DVCPRO HD, megabiti 100 kwa sekunde, sawasawa na kamera kuu ya leo. Lakini kila fremu imebanwa peke yake na haimtegemei jirani. Kodeki ya zamani, picha ndogo zaidi, na kompyuta haioni hata kama imepewa kazi. Uzito wa faili kwenye diski na uzito wake kwenye prosesa ni vitu viwili, na kwa hizi kodeki mpya mara nyingi vinakwenda kinyume: kadiri faili inavyobanwa ikawa ndogo, ndivyo kuifungua kunavyogharimu.

Ijumaa: hesabu ya diski

Mwongozaji ameuliza, kwa haki, kwa nini tusigeuze kila kitu kuwa ProRes, kodeki ya Apple iliyo nyepesi kuhariri, na kuachana na shida. Nimemjibu kwa namba.

Saa moja ya kamera kuu, kwa megabiti 100 kwa sekunde, ni GB 45. Saa hiyohiyo ikigeuzwa kuwa ProRes 422 HQ ya 4K kwa fremu 25, megabiti 737 kwa sekunde, inafika takriban GB 332. Na picha haipati chochote kipya. Iliyorekodiwa kwa 4:2:0 ya biti 8 itabaki na rangi zilezile, zimevikwa tu nguo kubwa. Unachonunua kwa gigabaiti hizo ni wepesi wa kuhariri, na wepesi huo upo kwa njia ya nafuu zaidi: ProRes Proxy ya 1920 kwa 1080, megabiti 38 kwa sekunde, takriban GB 17 kwa saa.

Kwa hiyo mpango ni huu. Kamera kuu inahaririwa kama ilivyo. AVCHD kama ilivyo. GoPro kama ilivyo. Mahojiano yanatengenezewa proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, na mwishoni tunarudi kwenye faili zake asili. Simu nitaigeuza moja kwa moja, kwa sababu nitakazoeleza nikifika hapo.

Proksi zimekwenda usiku, na asubuhi programu ikakataa kuzipokea. Ujumbe wake haukusaidia lolote, lakini nilishajua pa kutazama: chaneli za sauti. Mpangilio wa kutengeneza proksi uliokuja na programu unatoa chaneli mbili, na faili asili zina nne. Proksi inapaswa kufanana na asili kwa kasi ya fremu, urefu, taimukodi ya mwanzo na chaneli za sauti. Inaruhusiwa kutofautiana kwa ukubwa wa picha na kodeki, basi. Nimetengeneza mpangilio wangu wenye chaneli nne na kuziacha zijitengeneze upya. Heri imekataa. Ingekubali ningehariri mahojiano yote kwa chaneli mbili za kwanza, na siku ya kurudi kwenye asili nani anajua maiki ya mti ingeangukia wapi.

Jumamosi, kwa ufupi

GoPro hukata rekodi ndefu kuwa sura, na kwenye jina la faili namba ya sura hutangulia namba ya rekodi: GX010042.MP4, kisha GX020042.MP4, GX030042.MP4. Ukipanga folda kwa majina, sura zote za kwanza za rekodi zote hukaa pamoja, halafu za pili zote. Soma tarakimu nne za mwisho kwanza, ndipo utazame zile mbili zilizo baada ya GX. Nimepanga kila rekodi kwenye kapu lake ndani ya programu, faili zenyewe zikabaki zilipo. Zile faili za LRV zilizo pembeni ni video ndogo ambazo kamera imejitengenezea, zinafaa kwa kutazama haraka. Sijazihitaji.

Jumatatu ya wiki ya pili: simu

Simu ilitumika na mwanafunzi wa fundi kurekodi vipande vifupi, na kimoja kirefu cha fundi akipiga gitaa lililomalizika. Hicho kirefu ndicho ambacho mwongozaji anakitaka, na sauti yake nzuri ilirekodiwa kwa kinasa sauti cha pembeni.

Nililandanisha mwanzo kwa mshindo wa kiti. Mwanzoni vidole na nyuzi vinakubaliana. Kufika katikati ya wimbo vidole vimeanza kuchelewa, na mwishoni unasikia noti kabla ya kuona uzi ukiguswa. MediaInfo ilishaniambia tangu Jumatano: kasi ya fremu inabadilika. Simu inalenga 30 kwa sekunde, lakini mwanga ukipungua au kazi zikizidi inachelewesha fremu, na kila fremu inaandikiwa muda wake wa kuonyeshwa. Kichezeshi cha video kinaheshimu muda huo. Taimulaini ya kuhariri inataka gridi ya hatua sawa, na programu nyingi zinachukua kasi moja na kuwalazimisha wote waifuate.

Hii ndiyo aina ya faili ambayo siibembelezi. Inageuzwa kabla ya kuingia:

`ffmpeg -i simu.MOV -fps_mode cfr -r 30 -c:v prores_ks -profile:v 2 -c:a pcm_s16le simu_30.mov`

Hapo ffmpeg inasoma muda halisi wa kila fremu, inarudia au kuacha fremu inapobidi, na kutoa 30 za kudumu. Sikuigeuza kuwa 25 moja kwa moja. Afadhali kwanza niwe na faili ya kweli ya 30, kisha programu ya kuhariri ifanye uchaguzi wa kuileta kwenye 25, ambako ninaweza kuona na kubadilisha njia. Mwendo una mtikisiko kidogo ukitazama mkono wa kulia, lakini vidole na nyuzi vimepatana hadi noti ya mwisho.

Jumanne: kijivu

Mwongozaji amekuja kutazama vipande vya kwanza. Alisimama nyuma ya kiti changu muda mrefu bila kusema neno.

"Kaka, mbona kila kitu kijivu? Karakana ile ina rangi ya asali."

"Hiyo ni logi, dada. Rangi zipo, zimekunjwa. Zitakunjuliwa."

"Na hapa kwenye mahojiano mbona ni kinyume, giza tupu kwenye kona?"

Maswali mazuri yote mawili, na yana majibu tofauti.

Kamera kuu ilipigwa kwa S-Log3, mkunjo wa logi wa Sony. Kwenye mkunjo huo kijivu cha asilimia 18 kinakaa kwenye kiwango cha 420 kati ya 1023, nyeusi kwenye 95, na nyeupe ya asilimia 90 kwenye 598. Nafasi ya juu yote imeachiwa mwangaza mkali. Nikiweka ubadilishaji wa kuipeleka Rec.709, kiwango cha kawaida cha rangi za video, asali inarudi mara moja. Kinachonitia wasiwasi ni biti. Kati ya nyeusi na hiyo nyeupe kuna ngazi 503 ukiwa na biti 10. Kwa biti 8 zinabaki takriban 126, na ukizinyoosha zijaze skrini, ukuta mweupe wa karakana nyuma ya fundi unaanza kuonyesha mistari. Kwa nini kamera ya biti 8 ndiyo iliyopigwa kwa logi na ile ya biti 10 ikaachwa kwenye picha ya kawaida, mpiga picha ndiye anayejua. Nitaongeza chengachenga kidogo kwenye rangi ili kuficha mistari, na sitausukuma ukuta ule mbali.

Giza la mahojiano ni jambo la mawanda. Kamera ya pili inaandika mawanda kamili, 0 hadi 1023, na faili ina alama inayosema hivyo. Video ya kawaida hutumia 64 hadi 940. Zana iliyotengeneza proksi haikujali alama hiyo, ikachukulia kila kitu ni 64 hadi 940, kwa hiyo chochote chini ya 64 kimegeuka nyeusi kabisa. Nilizima proksi, tukatazama faili asili: kwenye kona kuna magitaa mawili yametundikwa na kabati. Yapo. Yamepotea kwenye proksi tu. Kwa kukata na kupanga sijali, ila nimeandika kwa herufi kubwa kwenye maelezo ya mradi kwamba hakuna mtu wa kugusa rangi wakati proksi zimewashwa.

Wiki ya tatu: picha za 2009

Mwongozaji alikuwa ameshakata tamaa na picha hizi. "Hazina sauti," aliniandikia wakati analeta diski. Nilipoifungua nikakuta muundo kamili wa P2, haujaguswa: folda ya CONTENTS, ndani yake AUDIO, CLIP, ICON, PROXY, VIDEO na VOICE. Yeye alikuwa ameingia kwenye VIDEO na kubofya MXF moja. Kwenye P2 video na sauti hukaa kwenye faili tofauti: picha ni 0001AB.MXF ndani ya VIDEO, na kila chaneli ya sauti ina faili yake ndani ya AUDIO, 0001AB00.MXF, 0001AB01.MXF. XML iliyo ndani ya CLIP ndiyo inayowaunganisha. Nikaielekeza programu kwenye CONTENTS yenyewe, na klipu zikaja na sauti zake. Fundi, kijana kwa miaka mingi, anamweleza mtu asiyeonekana namna ya kukunja ubavu wa gitaa kwa joto. Yeyote aliyenakili kadi zile mwaka ule alinakili kila kitu, na ndiyo pekee iliyotuokoa.

Picha hizi, sawa na zile za kamkoda, ni 1080 ya mistari iliyopishanishwa: kila fremu ina nusu mbili zilizopigwa kwa tofauti ya sehemu 1 kwa 50 ya sekunde. Kwenye taimulaini ya fremu 25 kamili, mkono unaosogea unaota meno ya kitana pembeni. Nimehakikisha programu imetambua nusu ya juu ndiyo inayotangulia, kisha nimewasha uondoaji wa mistari kwa klipu hizo tu. Pikseli zake pia si mraba, 1440 kwa 1080 zinanyooshwa kuwa 1920, na hilo programu imelisoma yenyewe.

Rasimu imefungwa

Mwongozaji ameridhia mpangilio. Nimezima proksi, nikaiacha programu irudi kwenye faili asili za mahojiano, nikapita kila mkato mmojammoja. Taimukodi zinalingana, chaneli nne zipo mahali pake, kona imepata magitaa yake. Sasa kukwama kwa H.265 hakunisumbui tena, maana sirudi nyuma fremu mojamoja. Narenda tu, yaani natoa video iliyokamilika, na prosesa ina muda wote inaouhitaji.

Bado kuna kazi mbili. Ukuta mweupe unahitaji jicho jingine kwenye skrini nzuri kabla sijaamua chengachenga ziwe kiasi gani. Na kwenye klipu ndefu ya kamkoda, karibu na ungio la 00007 na 00008, kuna fremu moja inayometameta ambayo sijapata chanzo chake. Muundo ni kamili na sauti haikatiki, kwa hiyo kesho nitaichungulia kwenye kadi yenyewe nione kama imetoka hivyo kamerani. Ikiwa ndivyo, fremu jirani itaifunika. Faili kuu inatoka kwa ProRes 422 HQ, proksi zinafutwa, na folda za kadi zinakwenda kwenye diski ya kuhifadhia zikiwa na XML zake zote.